Mzigo wa Mwisho wa Mwezi

Mikataba ya kampuni zinazouza kupitia mawakala wa mkono kwa mkono mara nyingi huwa na kifungu kinachofanana: wakala haruhusiwi kupanga bidhaa kwenye rafu za duka, wala kuzimwaga kwenye minada na masoko ya mtandaoni, wala kuvunja bei. Sababu yake inaeleweka. Kampuni hailipii matangazo ya redio. Inamtegemea mtu amwendee jirani, amweleze, amjaribishie, kisha arudi wiki ijayo kumjulia hali, na kazi yote hiyo imo ndani ya bei. Anayebandika picha ya chupa ileile mtandaoni kwa bei ya kutupa anavuna shamba la mwenzake.

Lakini kifungu hicho kikishavuka maji kutoka Mwanza hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, hakina nguvu tena. Wengine husema ni tamaa ya mawakala wa visiwani. Mimi naona mpango wenyewe ndio unaozalisha mzigo ambao unakatazwa kuuzwa.

Mipango hii ilichorwa mbali na Ziwa Victoria. Forever Living, ya jeli na vinywaji vya mshubiri, ilianzia Arizona mwaka 1978. Oriflame, ya vipodozi, ilianzia Uswidi mwaka 1967. Kwenye semina zinazofanyika kumbi za hoteli mjini, mtoa mada anachora duara juu ya ubao, chini yake maduara mengine, na hesabu inakwenda kwa pointi. Katika kampuni nyingi kila bidhaa ina pointi zake, na cheo na kamisheni hutegemea pointi ambazo wewe na timu yako mmekusanya ndani ya mwezi. Tarehe ya mwisho ikipita, mnaanza upya. Kwa mwenye mshahara wa serikali mpango huo unakaa vizuri, kwani hela yake nayo inaingia kwa tarehe.

Hela ya Ukerewe haiingii kwa tarehe. Sehemu kubwa inatoka majini, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukishakuwa mpevu taa haivuti tena, mitumbwi inavutwa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu au wanakwenda kusalimia makwao. Hiyo ni mbalamwezi, na mwaloni hakuna asiyejua inavyobana. Mama ntilie anapunguza kilo za mchele. Vijana wa bodaboda wanashinda kijiweni. Muuza duka anaandika madeni kwenye daftari, na giza likirudi anayakata moja moja kwa kalamu. Mzunguko huo unachukua siku 29 na nusu, kalenda ya ofisini inachukua 30 au 31, kwa hiyo giza linarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Kuna miezi ambayo tarehe 30 inakuta dagaa wanaanikwa na hela iko mikononi. Kuna mingine tarehe hiyo inaangukia katikati ya mbalamwezi, na hapo ndipo wakala anapokamatika.

Tumchukue mama mmoja mwenye timu ndogo, wanawake wanne watano wa Nansio na vijiji vya jirani. Imefika tarehe 27, pointi hazijatimia, wateja wake wote wanasema “nitakutafuta giza likiingia”. Aliyemwingiza anapiga simu kutoka Mwanza: usikubali kushuka, mwezi huu jikaze tu, ukipanda cheo utazirudisha hela zako. Basi anajikaza. Anakopa, mara nyingi ile mikopo watu wanayoiita kausha damu, ananunua mzigo mwenyewe, pointi zinatimia, jina lake linasomwa kwenye kundi la timu na kupigiwa makofi ya emoji. Mzigo unaingia kwa meli, unawekwa chini ya kitanda. Rejesho la kwanza la mkopo halingoji giza.

Wiki haijaisha, tangazo liko hewani: “Mzigo original upo Nansio, bei ya hasara, nina shida ya haraka. Natuma kwa meli ya kesho. Tuma na ya kutolea.” Soko lenyewe si la kifahari. Jiji, iliyonunua biashara ya OLX nchini mwaka 2019, ina watumiaji wake mjini, lakini watu wa visiwani wanauziana zaidi kwenye status na makundi ya WhatsApp na Facebook. Wengine huuza kimnada hasa: picha inawekwa, bei ya kuanzia inatajwa, watu wanapandishiana kwa elfu mbili mbili mpaka muuzaji aandike “imeenda”. Tuseme boksi alilonunua kwa shilingi 70,000, na ambalo orodha ya kampuni inataka liuzwe 100,000, linaondoka kwa 60,000. Amepata hasara ya 10,000 na amevunja mkataba, lakini rejesho la leo limelipika.

Kabla ya kupigwa picha, boksi hupitishwa kwenye wembe. Namba ya toleo inakwanguliwa polepole, karatasi isichanike, ili ofisi isijue mzigo ulitokea kwa wakala gani. Kwenye vifungashio vingi namba hiyo imechapwa sambamba na tarehe ya kuisha muda, na wembe hauchagui. Kwa hiyo ulinzi uliowekwa kumnasa wakala unaishia kumfumba macho mnunuzi. Tangu mwaka 2019 vipodozi na vyakula viko chini ya shirika la viwango, TBS, nayo tume ya ushindani, FCC, inapambana na bidhaa bandia, lakini boksi hili si bandia. Ni halisi kabisa, ila halina tarehe, na limekaa wiki kadhaa chini ya bati.

Wenzetu Marekani walishayapeleka haya mahakamani. Mwaka 2009 kampuni ya vipodozi ya Mary Kay iliwashinda wanandoa waliokuwa wakiuza bidhaa zake mtandaoni, walioanzia eBay, na baraza la wazee wa mahakama Texas likawaamuru walipe zaidi ya dola milioni moja. Kinachonivutia zaidi ni walikoupata mzigo: sehemu kubwa waliununua kwa mawakala walioacha biashara wakabaki na maboksi nyumbani. Kesi ilishughulikia mdomo wa bomba. Miaka 30 kabla ya hapo, Mei 1979, tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliamua kuwa Amway, kampuni nyingine ya mawakala, si upatu, na miongoni mwa sababu ni kanuni yake ya kununua tena mzigo uliomkwama wakala. Uamuzi huohuo uliikataza Amway kuwapangia wauzaji wake bei ya rejareja, jambo ambalo wasimulizi wa semina hulipita kimyakimya.

Kanuni ya kurudisha mzigo ipo hata leo. Maadili ya vyama vya kampuni hizi duniani yanataka wakala anayeacha arudishiwe walau asilimia 90 ya alicholipa kwa mzigo unaouzika, alionunua ndani ya miezi 12. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa mtu wa Nansio maana yake ni risiti zote, maboksi yasiyofunguliwa, nauli ya meli, bajaji kutoka bandarini Mwanza, na pengine basi hadi Dar es Salaam. Tena kanuni inamhusu anayeacha. Mama yetu haachi. Anataka kubaki, ila amebanwa mwezi huu.

Ziwa hili limeshawaumbua wapangaji wengine. Utafiti wa vijiji vya wavuvi upande wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta vyandarua vya mbu vimetandazwa ufukweni vikitumiwa kukaushia dagaa. Waliovigawa walihesabu vitanda. Hakuna aliyeuliza dagaa wanaanikwa juu ya nini.

Anayenisikitisha kuliko wote ni wakala aliyetii. Amekaa na mteja saa nzima, amempaka mkononi, mteja ameridhika, kisha anafungua simu na kumwonyesha boksi lilelile kwa bei ya hasara: “Dada, huyu mbona anauza hivi?” Hana la kujibu. Akishusha bei naye amevunja mkataba, na asiposhusha anakwenda nyumbani na mkoba uleule.

Kuhesabu pointi kwa miezi mitatu badala ya mmoja kungemeza mbalamwezi zote bila kumwingiza mtu kwenye kausha damu. Kuwe na mtu mmoja Nansio anayepokea mzigo uliokwama mapema, tarehe zake zikiwa bado zinasomeka, auhamishie kwa wakala wa Sengerema au Bunda mwenye wateja. Naambiwa hilo ni gharama. Nadhani kuyalipia maboksi hayo meli mara moja kwa mwezi ni nafuu kuliko mshahara wa kijana wa kukaa mjini akipekua makundi ya WhatsApp, akikuza picha moja moja kutafuta namba ambazo wembe umezisahau.