Yungiyungi Dogo la Bugarama

Kusini-magharibi mwa Rwanda, katika Bugarama, palikuwa na chemchemi ya maji ya moto iitwayo Mashyuza. Mwaka 1987 Bwana Eberhard Fischer, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliona hapo yungiyungi ambalo halijaandikwa bado katika vitabu vya elimu ya mimea. Ni dogo kuliko mayungiyungi yote ya dunia: jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu, nalo ua ni jeupe. Halikukaa katika kina cha maji, bali katika tope, mahali ambapo maji ya chemchemi yalikwisha kupoa hata digrii 25 hivi.

Maji yale yalipotumiwa kupita kiasi, tope lilikauka, na mwaka 2008 ua halikuonekana tena. Mimea michache ilikuwa imehifadhiwa katika bustani ya Bonn, Ujerumani. Mbegu zilizopelekwa bustani ya Kew, Uingereza, zilichipua majini, kisha miche ikafa. Mwaka 2009 Bwana Carlos Magdalena, mtunza mimea wa Kew, aligundua sababu. Miche ya mayungiyungi mengine hukua chini ya maji. Hii yahitaji kwa wingi hewa ya kaboni, ile itolewayo na mtu anapopumua, nayo majini ni haba. Akaipanda vyunguni, udongo ukiwa sawasawa na uso wa maji. Ikachanua Novemba mwaka ule ule. Mche mmoja uliibwa Kew Januari 2014, maana hata maua yana wezi.

Mwaka 2023 yungiyungi hilo lilionekana tena likiota lenyewe, huko huko Bugarama.