Mafindofindo Yasidharauliwe

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba tunaoukusudia leo ni maumivu ya koo ya mtoto, na mguu unaoota tende ni moyo wake.

Katika nyumba zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe, watoto watatu au wanne hulala chumba kimoja, na chuoni hubanana mkeka mmoja. Ugonjwa wa koo huenea upesi baina yao. Mara nyingi huletwa na virusi, nao hupoa wenyewe. Lakini upo uletwao na bakteria aitwaye streptokoka. Huyu huja na homa ya ghafla, mafindofindo yaliyovimba, pengine yenye usaha, na tezi za shingo zenye kuuma, aghalabu bila ya mafua wala kikohozi.

Asipotibiwa, baada ya wiki mbili au tatu, koo likiwa limeshasahauliwa, kinga ya mwili huweza kukosea adui ikaushambulia mwili wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, iwapatayo zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Leo huvimba goti, kesho kifundo cha mguu. Viungo hupona, lakini vilango vya moyo huweza kubaki na makovu. Wako mabinti wasiojua kuwa wana kovu hilo mpaka waolewe na kushika mimba, moyo uzidiwe na kazi, pumzi ziwakatike, na maisha ya mama na mwana yaingie hatarini.

Baadhi yetu hukimbilia kwa mkata kimeo. Kimeo si chanzo cha maradhi haya. Kukikata hakumwondoi bakteria, bali huweza kuleta damu isiyokatika na kidonda kipya. Hata madaktari wa Marekani na Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, waliwahi kung'oa meno na mafindofindo ya wagonjwa kwa kudhani ndiyo asili ya maradhi mengi ya mwili. Baadaye njia hiyo iliachwa.

Tiba ni penisilini: sindano moja, au vidonge vya siku 10. Ikianza kabla ya kupita siku 9 tangu koo kuuma, huizuia homa hiyo. Kwa hiyo mama asiiweke dawa kabatini kwa kuwa mtoto ameanza kucheza siku ya tatu.

Hata aliyekwisha kuguswa moyo asikatiwe tamaa. Kaskazini mwa Uganda walichunguzwa watoto ambao vilango vyao ndiyo kwanza vimeanza kuharibika. Kati ya 399 waliochomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka miwili, 3 tu walizidiwa. Kati ya 400 wasiochomwa, walizidiwa 33. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021.

Mwenye kovu la moyo ana haja kubwa pia ya kutunza kinywa, kwani bakteria wa meno mabovu huingia damuni wakatua penye kovu. Siwaki, sunna tuliyohimizwa na Mtume (s.a.w.), isiachwe nyumbani mwetu.

Basi mtoto akilalamikia koo akiwa na homa, apelekwe Port Reitz, hospitali ya Likoni au zahanati iliyo karibu, siku ile ile. Tutafute tiba mapema, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu.