Mzee Naye Ahitaji Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wa Mwembe Tayari, mjini Mombasa, wanaujua vyema msemo huu. Pita jioni karibu na zile sanamu za askari, utamwona mwenye duka ameinamia daftari lake: hiki kimeuzwa, hiki kimekopeshwa, hiki kimebaki. Sasa panda ngazi za jengo hilo hilo, umuulizie bibi aliyelala chumba cha ndani. Leo amekunywa dawa gani? Saa ngapi? Nani aliyempa? Mara nyingi kila mtu atamtazama mwenzake.

Msomaji, nasema haya kwa kuwa yalinifika. Bibi yangu alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu, na sote nyumbani tulimuuguza kwa zamu. Jioni moja nilirudi kazini nikampa tembe yake.

"Mbona nimeshakunywa, mjukuu wangu?" akaniuliza.

"Umesahau tu, bibi. Kunywa."

Kumbe shangazi alikwisha mpa kabla ya kwenda arusini. Usiku bibi aliinuka kwenda chooni, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Hakutembea tena. Hatukukosa mapenzi sisi. Tulikosa daftari.

Katika hospitali jambo hili lina utaratibu wake, nao ni usimamizi wa ubora wa matibabu. Maana yake si ngumu: kila anayemhudumia mgonjwa ajue wajibu wake, kila alitendalo liandikwe, na kosa likitokea lichunguzwe ili libadilishwe lile lililolisababisha. Kumkaripia muuguzi na kunyamaza hakutoshi.

Wala utajiri si kinga. Uingereza iliziwekea hospitali zake za umma wajibu huu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, kati ya 2005 na 2009, wagonjwa wa hospitali ya Stafford, wengi wao wazee, waliachwa katika matandiko machafu, na maji ya kunywa yakawekwa wasikoweza kuyafikia. Jamaa zao walilalamika wasisikizwe. Ripoti ya wakili Robert Francis ya 2013 ilionyesha kwamba wakubwa walishughulikia zaidi fedha na malengo ya serikali kuliko mgonjwa kitandani.

Hapa Kenya, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wake wa ubora mwaka 2001, na baadaye ikauunganisha na mbinu ya Kijapani yenye hatua tano. Majirani zetu wa Tanzania, walioanza kuijaribu mbinu hiyo katika hospitali ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007, wamezipa hatua hizo majina ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Je, haya hayawezi kuingia chumbani kwa bibi? Sasambua: toa dawa zilizopitwa na wakati, na mkeka unaojikunja njiani. Seti: dawa zikae mahali pamoja, na maji karibu na mkono wake. Safisha: sakafu isiwe na unyevu, na matandiko yawe makavu. Sanifisha: mkubaliane nani anampa dawa, saa ngapi, na nani anamgeuza asiyeweza kujigeuza ili asipate vidonda. Shikilia: msichoke baada ya wiki moja.

Baada ya ajali ile tulitundika daftari mlangoni, na kalamu ikafungwa kwa uzi. Siku chache tu zilipita, tukaona ajabu: baada ya saa tisa alasiri, bibi hakunywa maji hata tone. Shangazi alipomuuliza, alijibu kwa haya kwamba hakutaka kutuamsha usiku tumpeleke chooni. Tukamwekea chombo kando ya kitanda, na maji akaanza kunywa. Bila kuandika, tungeendelea kusema ni ukaidi wa uzee.

Iwapo mnafikiria kumpeleka mzee katika nyumba ya kutunzia wazee, au kumwajiri mtu wa kumtunza, msiangalie rangi ya ukuta peke yake. Ombeni kuona kumbukumbu za dawa. Ulizeni ni wangapi walioanguka mwaka huu, na ni nini kilichobadilishwa baadaye. Ulizeni pia mwenye malalamiko humwendea nani. Mkijibiwa kwamba hapa hakuna aliyewahi kuanguka, msifurahi haraka. Huenda hakuna anayeandika.

Kuuliza hivyo si ufidhuli. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa kila aliyefikisha miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Tazama, jamaa wametajwa pamoja na serikali. Tusiinyoshee zahanati kidole ilhali chumba cha ndani hakina hesabu.

Leo ni Jumapili, na wengi wenu mko nyumbani. Kabla ya magharibi kaeni pamoja, mtoe dawa zote za mzee mezani, mziandike moja moja. Na mzee mwenyewe awepo, aulizwe. Akisema ameshakunywa, msikilizeni.