Mashudu badala ya dagaa: bakteria rafiki wanasaidia nini bwawani?

Wafugaji wa sato wanaotupigia simu kutoka Kahama, Geita na Chato wanauliza jambo lilelile. Dagaa wamepanda bei, je, tulishe mashudu? Na ule unga unaoitwa probiotiki ni wa kweli, au ni ujanja wa wauzaji?

Tuanze na mashudu. Sato anayekua anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 30 hivi, na chakula ndicho kinachomaliza fedha nyingi za mfugaji. Soya, mashudu ya alizeti na ya pamba yana protini ya kutosha, na huku kwetu pamba si ya kutafuta. Tatizo, protini ya mimea huja na vizuizi vyake. Nyuzinyuzi ni nyingi. Kuna faiteti, inayoshikilia fosforasi hadi samaki ashindwe kuitumia. Soya mbichi inazuia protini isimeng'enywe, ndiyo maana hukaangwa kwanza. Pamba nayo ina gosipoli, sumu ya asili ya mbegu yake.

Sasa probiotiki. Hizi si dawa, ni bakteria hai, na baadhi yao ni jamii ya wale wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu. Wakiwa ndani ya utumbo, baadhi hutoa vimeng'enya vinavyosaidia kuvunja protini na faiteti. Pia hugombania nafasi na bakteria wa magonjwa. Wafugaji wa kamba huko Ecuador na Asia wamezitumia tangu miaka ya 1990, kwa sababu kamba hana kinga ya kuchanjwa kama kuku.

Kwa hiyo unga huo una ukweli ndani yake, ila hauigeuzi pumba kuwa dagaa. Gosipoli usitegemee iondolewe nao: mashudu ya pamba yawe sehemu ndogo ya mchanganyiko, na samaki wazazi wasipewe kabisa. Wala hauondoi zebaki. Aliyechimba bwawa chini ya mahali wanapooshea dhahabu ana tatizo jingine kabisa.

Ukinunua, soma pakiti. Jina Bacillus ni dalili nzuri, maana bakteria hao hujifunga kwenye ganda gumu na kuvumilia ukavu na joto la stoo. Wale wa maziwa hufa upesi kwa joto. Angalia tarehe ya mwisho. Usichanganye kwenye uji wa moto. Subiri chakula kipoe, kisha nyunyizia kwa maji yasiyo na klorini. Ukiwapa samaki antibayotiki wiki hiyohiyo, umewaua bakteria uliowanunua.

Kabla ya kumwaga fedha, gawa vifaranga wa umri mmoja kwenye vizimba viwili vya neti ndani ya bwawa lako. Wape chakula kilekile kwa kiasi kilekile, kimoja kikiwa na probiotiki. Pima uzito kila wiki mbili kwa miezi miwili, uandike. Tupigie na namba zako, hata kama hakuna tofauti.