Unaenda Majuu? Soma Hii Kabla Hujapaki Pasi na Draya

Viza imetoka, tiketi iko, na hapo kwa keja begi limefunguliwa kitandani. Mathe anaingiza unga na majani chai, wewe unaingiza pasi, draya ya nywele na birika ya stima. Simama hapo kidogo, msee. Hizo vitu zinaweza kufika zikiwa mzigo wa bure tu.

Noma iko wapi?

Stima haifanani kila mahali. Kenya tunatumia volti 240, hezi 50. Marekani na Canada ni volti 120, hezi 60. Uingereza na Ujerumani ni 230. Qatar, UAE na Oman wako karibu na sisi, na plagi yao ni ile yetu ya miguu mitatu bapa, ile tuliachiwa na Mwingereza.

Kwa hivyo msee wa Doha anaweza kubeba pasi yake bila presha. Wa Berlin anahitaji adapta tu. Mwenye anaenda Minnesota au Toronto ndiye wa kujipanga.

Adapta si transfoma

Hapa ndio watu huchomeka. Adapta inabadilisha miguu ya plagi, basi. Haigusi volti. Transfoma ndiyo hupandisha ama kushusha volti.

Chukulia umefika Marekani na birika ya wati 2,000 na adapta. Volti zimekuwa nusu, lakini nguvu inashuka hadi robo, yaani karibu wati 500. Maji yaliyokuwa yakichemka kwa dakika 3 sasa yatakula zaidi ya 12. Utachelewa job, lakini angalau hakuna kitu kimeungua.

Sasa geuza. Anko yako wa Texas ameskia unafungua kinyozi Kayole, anakutumia mashine safi ya kunyoa, ya volti 120. Unaichomeka kwa ukuta na adapta ya bei ya chini. Volti zinazoingia ni mara mbili ya zile imejengewa. Inanguruma, inatoa moshi, inazima. Mteja wako wa kwanza yuko kwa kiti, amenyolewa nusu.

Cheki maandishi madogo

Yako kwa chaja ama chini ya kifaa. Ukiona "INPUT: 100-240V, 50/60Hz", umeomoka. Hiyo ni adapta tu na maisha inaendelea. Chaja nyingi za simu, laptopu na kamera ziko hivyo.

Ukiona "220-240V" peke yake, inafaa huku, Ulaya na sehemu kubwa ya Ghuba, lakini si Marekani. Ukiona "120V" peke yake, usiichomeke Kenya bila transfoma.

Na usidhani transfoma yoyote itakuokoa. Draya ya wati 1,800 inataka transfoma inayobeba zaidi ya hizo wati. Hiyo ni kitu nzito, na bei yake inaweza kushinda draya mpya. Ukiweka ya wati 500 unacheza na moto, na kama unakaa hosteli, hautaungua peke yako.

Transfoma pia haibadilishi hezi. Ndio maana mashine ya kufua ama friji ya Marekani inaweza kukusumbua huku, mota ikizunguka polepole na kupata joto.

TV nayo ina stori yake. Ya Marekani inaweza kuwaka vizuri na kucheza filamu za intaneti, lakini chaneli za bure za antena zikatae. Kenya tunatumia DVB-T2, wao wanatumia ATSC.

Beba nini basi?

Simu, laptopu, chaja zake na adapta mbili. Ongeza ekstensheni moja ya kawaida ya Kenya. Ukiichomeka kwa adapta moja, chaja zako zote za 100-240V zinakaa hapo na plagi zao za nyumbani. Chaja pekee, usiweke kitu ya kupasha moto.

Pasi, draya na birika mwachie sista, ama uuze upate doo ya kununua zingine ukifika. Na kama binamu yako ameanza kupaki, mtumie hii kabla hajafunga zipu.