Dawa Isiyotaka Maji: Kazi ya Polima Katika Vidonge vya Leza

Mfamasia akikupa dawa mseto ya malaria, ile yenye artemetha na lumefantrini, hukuhimiza uimeze baada ya kula, na mlo wenye mafuta au maziwa ndio bora. Wengi hudhani ni kinga ya kichefuchefu. Sababu kubwa ni kwamba lumefantrini karibu haimumunyiki kabisa katika maji, na dawa isiyomumunyika haifyonzwi na utumbo. Hupita njia nzima ikatoka ilivyoingia. Mlo wenye mafuta mengi unaweza kuzidisha mara 16 hivi kiwango cha lumefantrini kinachoingia kwenye damu. Kidonge ni kilekile.

Lumefantrini haiko peke yake. Dawa nyingi zinazobuniwa siku hizi zina tabia hiyohiyo, kwa kuwa molekuli zinazomnasa kirusi au kimelea barabara mara nyingi ni kubwa, hupenda mafuta na hukimbia maji. Tangu 1995, Gordon Amidon na wenzake walipopendekeza kuzigawa dawa za kumeza katika makundi manne kwa kupima umumunyifu wake na uwezo wake wa kupenya ukuta wa utumbo, kundi la pili, yaani zinazopenya vizuri lakini hazimumunyiki, limewasumbua wafamasia kuliko mengine. Ukitatua la kumumunyika, kazi karibu imekwisha.

Ugumu wenyewe mara nyingi umo ndani ya fuwele. Katika fuwele molekuli zimejipanga safu kwa safu na kushikana, na maji lazima yazing'oe mojamoja. Ukiivunja safu hiyo, molekuli zikabaki shaghalabaghala, dawa ileile humumunyika haraka zaidi na kwa kiwango kikubwa zaidi. Watengeneza gubiti wanaijua kanuni hii bila maabara. Sukari ya chenga ikiyeyushwa na kupozwa upesi hugeuka kitu kigumu mfano wa kioo, bila chenga hata moja. Iache wazi kwenye hewa ya pwani: itaanza kunata, na baada ya muda chenga zitarudi.

Kurudi huko ndiko kunakomkosesha mfamasia usingizi, na hakuna dawa iliyolifundisha somo hilo kwa gharama kubwa kama ritonaviri. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka 1998, fuwele za umbo ambalo halikujulikana wakati wa kuidhinishwa zilijitokeza ndani ya kapsuli. Molekuli ilikuwa ileile, mpangilio ndio uliobadilika, na umumunyifu ukaporomoka. Kampuni ya Abbott ililazimika kuziondoa kapsuli sokoni, na kwa muda wagonjwa wakabaki na dawa ya maji yenye ladha ya kuchukiza. Hata ritonaviri ilipounganishwa na lopinaviri katika Kaletra, mwaka 2000, bado ilikuja kama kapsuli laini za kuhifadhiwa kwenye friji. Kwa zahanati isiyo na umeme, sharti hilo lilikuwa karibu sawa na kunyimwa dawa.

Suluhisho lilifika mwaka 2005, na lilikuwa polima. Dawa zote mbili zilikandwa kwa moto pamoja na kopovidoni, polima inayomumunyika katika maji, ndani ya mashine ya parafujo, kisha mchanganyiko ukapozwa na kutengenezwa vidonge. Mgonjwa akatoka kwenye kapsuli sita kwa siku hadi vidonge vinne, na friji haikuhitajika tena.

Polima ilifanya nini hasa? Kwanza, molekuli zake ni minyororo mirefu, na molekuli za dawa zikitawanyika katikati yake hukosa nafasi ya kukutana na kujipanga upya. Pili, kopovidoni huwa ngumu kama kioo hadi joto la nyuzi 100 hivi za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la kawaida la chumba kila kitu ndani yake hutembea polepole mno. Tena baadhi ya sehemu za mnyororo huishika dawa kwa vifungo vya haidrojeni. Kazi ya mwisho hufanyika tumboni, na mimi huiona ndiyo muhimu kuliko zote: polima ikishamumunyika pamoja na dawa, huizuia isirudi kuwa fuwele ndani ya majimaji ya utumbo, walau kwa muda wa kutosha kufyonzwa. Kuna polima zilizoundwa zistahimili asidi ya tumbo na zimumunyike baadaye, kwenye utumbo mwembamba.

Sasa leza. Mbinu ya kuunganisha unga kwa leza, tabaka juu ya tabaka, ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin miaka ya 1980 na mwanafunzi Carl Deckard pamoja na mwalimu wake Joe Beaman, kwa ajili ya vipuri. Printa hutandaza unga kwa unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita ndani ya chumba chenye joto lililo chini kidogo ya lile la kuulainisha. Leza hupita mahali panapotakiwa tu, chembe zikashikana. Unga mwingine hutandazwa juu. Mwaka 2017 watafiti wa famasia wa University College London walichapisha matokeo ya vidonge vya parasetamoli vilivyotengenezwa hivyo. Miaka minne baadaye wenzao wa Austin walichagua, miongoni mwa dawa zote, ritonaviri. Waliichanganya na kopovidoni, wakapitisha leza, na kidonge kikatoka kikiwa hakina fuwele, bila kutumia vimumunyisho wala mashine ya parafujo.

Leza inapendeza kwenye picha, lakini kwa maoni yangu inasifiwa kupita kiasi. Ni chanzo cha joto. Ubora wake wa pekee ni kwamba joto hilo unaweza kulipima kwa uangalifu: leza ikipita polepole, chembe hushikana sana na kidonge huachia dawa taratibu; ikipita mbio, kidonge hubaki na matundu mengi na kinaweza kusambaratika kwa sekunde chache kikikutana na maji. Hata hivyo hakuna anayekoroga unga huo wakati unapolainika. Chembe za dawa zikiwa kubwa, au chumba kikiwa baridi kidogo kuliko inavyopaswa, sehemu ya dawa hubaki fuwele. Ndiyo maana wengine hutengeneza mchanganyiko kwanza kwa mashine ya parafujo, wakausaga, ndipo wakaupeleka kwenye leza. Isitoshe, unga mweupe hauli vizuri mwanga wa leza ya buluu, hivyo huongezwa rangi, kama asilimia 3 katika vidonge vya London.

Halafu kuna unyevu. Kopovidoni hunyonya maji ya hewani, na maji hulainisha polima, molekuli zikapata tena nafasi ya kutembea. Kidonge chenye matundu kina uso mkubwa zaidi wa kunyonya. Moja ya hali za majaribio ya uhifadhi ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) huzitambua kwa nchi za joto na unyevu mwingi ni nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Kidonge kilichosifiwa katika maabara yenye kiyoyozi hakijathibitisha lolote hadi kipite hapo, na pakiti ya alumini isiyopitisha hewa itakuwa sehemu ya dawa yenyewe.

Basi taabu yote ya nini, ikiwa kiwanda cha parafujo kinatoa vidonge kwa mamilioni? Jibu ni watoto. Watoto wenye virusi vya UKIMWI walipopewa vidonge vya lopinaviri na ritonaviri vilivyosagwa, kiwango cha dawa kwenye damu kilishuka kwa karibu nusu. Mbadala wa maji ulikuwa mchungu, na zaidi ya asilimia 40 yake ilikuwa alkoholi. Printa inaweza kutoa kidonge kidogo kinacholingana na uzito wa mtoto, kikisambaratika mdomoni huku polima ikiendelea kuilinda dawa.

Kwa sasa vidonge hivi ni vya maabara. Spritam, dawa ya kifafa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ilichapwa kwa matone ya kimiminika juu ya unga, si kwa leza. Hospitali itakayotaka kuchapa vya leza haitakwama kwenye printa, kwani zipo zinazotosha juu ya meza. Itakwama kwenye ukaguzi: kujua kama fuwele zimerudi kunahitaji kifaa kama mashine ya mionzi ya eksirei ya kupimia mpangilio wa molekuli, na mtu anayejua kuisoma, kwa kila fungu la vidonge litakalotoka.