Utomvu wa Mnyaa na Saratani ya Ngozi

Mnyaa hupandwa kuwa ua wa boma na shamba sehemu nyingi za Afrika Mashariki: tawi likichomekwa ardhini hushika hata penye ukame, na mifugo mingi huukwepa. Tawi likivunjika, hutiririka utomvu mweupe. Tone likiingia jichoni huumiza vibaya na laweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Wavuvi nao wameutumia kulevya samaki. Ndani yake mna esta za forboli na za ingenoli, jamii ya kemikali zinazofanana mno kwa umbo na kuachana mno kwa nguvu.

Esta hizi kwa kawaida haziasisi saratani. Huikuza iliyokwisha kuasisiwa. Hatua hizo mbili zilianza kutenganishwa na Isaac Berenblum, Oxford, mwaka 1941, kwa mafuta ya krotoni. Katika jaribio la aina hiyo, panya hunyolewa mgongo, akapakwa mara moja tu kemikali inayoharibu vinasaba, kwa kiasi kisichotosha kuleta saratani. Baadaye hupakwa dutu inayochunguzwa mara mbili kwa wiki, miezi mfululizo. Huhesabiwa vinundu: vingapi kwa kila panya, vilianza wiki ya ngapi, vingapi viligeuka saratani. Panya lazima wawe wa ukoo mmoja, kwani ule uitwao C57BL/6 hustahimili dozi ambazo kwa koo nyingine huotesha vinundu tele.

Miaka ya 1960 Erich Hecker na wenzake, Heidelberg, walipata kwenye mafuta hayohayo dutu kali iitwayo TPA. Ni forboli yenye mikia miwili, mmoja wa kaboni 14, mwingine wa kaboni 2. Forboli tupu, bila mikia, haioteshi karibu kitu kwenye ngozi ya panya. Mikia ikiachwa palepale na kaboni ya 4 pekee ikageuzwa upande, nguvu hupotea pia, kwa sababu molekuli haikai tena sawasawa kwenye protini kinase C, inayoamsha seli zigawanyike.

Ukali wa kuwasha hautoshi kuwa kipimo cha uwezo wa kukuza saratani. Dutu nyingine, mezereini, huvimbisha ngozi karibu sawa na TPA, lakini vinundu vyake ni vichache mno.

Watu wengine hupaka utomvu wa mnyaa kwenye chunjua. Tiba hiyo haifai kabisa. Hata esta moja ya ingenoli, iliyosafishwa kutoka mmea wa jamii hiyo na kuidhinishwa Ulaya mwaka 2012 kutibu madoa yaliyoletwa na jua, iliondolewa sokoni huko mwaka 2020, baada ya saratani ya ngozi kuonekana zaidi mahali ilipopakwa.